Kuendesha kituo cha mlango wazi kwa watu wenye uraibu na wasio na makazi: mwongozo kamili

Siku ya kwanza alisimama ng'ambo ya barabara. Siku ya pili vivyo hivyo, mfuko wake mkononi. Siku ya tatu akavuka, akauliza kama anaweza kutumia choo. Nilimwonyesha, akaingia, akatoka, akaenda zake. Jina lake nililijua wiki ya pili. Habari ya pombe alinieleza mwenyewe mwezi wa pili, na mwezi wa tano tulikuwa tumekaa pamoja kwenye benchi la kliniki tukisubiri aitwe.

Ningemdai jina siku ile aliyoomba choo, asingerudi. Kituo cha mlango wazi ni mahali mtu anapoingia bila miadi, bila kadi, bila kuahidi kwanza kwamba ataacha. Hapo hatibiwi uraibu, wala hapati kitanda cha usiku. Anapata mahali pa kukaa, watu wanaomjua, na njia ya kufika kwenye matibabu na makazi siku atakapotaka. Kinachomrudisha ni uhakika: mlango unafunguliwa saa ile ile, anapokelewa na sura zile zile, na hakuna mtego. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kutafuta jengo

Nenda wanakolala watu, alfajiri na tena usiku, ukiwa na mwenzako. Kama kuna mtu aliyewahi kuishi maisha hayo, mwombe akutangulie, maana yeye anajua ni wapi pa kukaribia na wapi pa kupita mbali. Uliza mambo machache: usiku huwa mgumu saa ngapi? Mchana unakaa wapi? Kitu gani kimoja kingekupunguzia mzigo leo? Usiahidi chochote.

Majibu huwashangaza wengi. Watu hawaanzi na dawa wala nyumba. Husema choo, maji ya kuoga, mahali pa kuchaji simu, mahali pa kuacha begi bila kuibiwa. Na usingizi. Anayelala nje halali, anasinzia jicho moja wazi, kwa hiyo saa mbili za usingizi wa mchana kwenye chumba salama ni huduma kubwa. Nimeona vituo vinavyowaamsha watu kwa sababu "hapa si mahali pa kulala." Mimi naona ni kosa.

Wakati huohuo kaa na majirani, uongozi wa eneo, polisi na kituo cha afya kilicho karibu. Waeleze mapema utafanya nini, na mkubaliane nani apigiwe simu kukiwa na tatizo. Mwone pia wakili, kwa kuwa katika nchi nyingi mwenye jengo anayeruhusu dawa za kulevya kuuzwa au kutumiwa ndani yake anaweza kushtakiwa, na sheria za kutoa sindano safi hutofautiana sana.

Hatua ya 2: Jengo na saa

Tafuta mahali panapofikika kwa miguu, penye milango miwili ili mtu asijione amenaswa, na penye chumba kimoja kidogo cha mazungumzo ya faragha. Kisha angalia mlango wa choo. Ufunguke kwa nje, na kufuli yake iweze kufunguliwa na mhudumu akiwa upande wa pili. Mtu akizidiwa na dawa chooni huanguka nyuma ya mlango, na mlango unaofunguka kwa ndani utazuiwa na mwili wake mwenyewe. Fundi ataubadilisha kwa siku moja. Fanya hivyo kabla hujapaka rangi ukuta wowote.

Kuhusu saa, heri siku tatu kila wiki kwa mwaka mzima kuliko siku saba kwa miezi miwili. Mtu anayetumia heroini kila siku huanza kuhisi arosto, yaani maumivu ya mwili unapoikosa dawa, saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo wengi huamka tayari wanaumwa, na hadi wapate la kuipoza, hawana nafasi ya kukaa wala kuongea. Ukifungua asubuhi mapema na kufunga saa sita, utawakosa. Chagua kuanzia asubuhi hadi jioni, au mchana na jioni, na kama unaweza kufungua siku moja tu ya ziada, iwe ya mwisho wa wiki, ofisi nyingine zote zikiwa zimefungwa. Andika saa mlangoni kwa herufi kubwa, na uchore saa ya mshale kwa wasiosoma. Mkilazimika kufunga, bandikeni tangazo siku tatu kabla.

Tenga pia saa za wanawake peke yao, kwa wahudumu wanawake. Mwanamke aliyeumizwa mtaani hataingia kwenye chumba kilichojaa wanaume, hasa kama mmoja wao ndiye anayemkimbia. Asipoonekana kituoni, usidhani hayupo mtaani. Na mtoto aliye chini ya miaka 18 asichanganywe na watu wazima. Amueni kabla ya siku ya kwanza mtamwita nani wa ustawi wa jamii.

Hatua ya 3: Watu wa zamu

Zamu iwe na watu watatu angalau: mmoja mlangoni, mmoja anayezunguka, mmoja wa mazungumzo ya faragha. Asibaki mtu mmoja peke yake ndani, hata kwa dakika tano.

Waajiri waliopita njia hiyo wenyewe. Mwelimishaji rika aliyewahi kulala nje humsogelea mgeni kwa namna ambayo miaka yangu yote ya kazi haijanifundisha. Lakini walipe. Kumwomba mtu ajitolee bure kwa sababu "anaielewa hali" ni kumtumia. Hakikisha pia ana mtu wa kumwendea nje ya kazi, kwani atakutana na marafiki wa zamani wakiwa na dawa mfukoni.

Kila mmoja, hata anayepika chai, ajifunze huduma ya kwanza, kumpulizia pumzi asiyepumua, kutumia nalokisoni (dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini na dawa za jamii yake) na kutuliza ugomvi kwa maneno. Wajitolea wasitoe namba zao binafsi, wasikopeshe fedha, wasimchukue mtu nyumbani kwao. Wengi wenye huruma huvunja sharti hili mwezi wa kwanza, na anayeumia huwa ni yule waliyetaka kumsaidia, siku watakaposhindwa kuendelea.

Hatua ya 4: Masharti machache

Matano yanatosha: hakuna kuuza dawa, hakuna kutumia humu ndani, hakuna silaha, hakuna kupiga wala kutukana, hakuna kupiga picha. Aliyekunywa au kutumia kabla ya kuja anakaribishwa ilimradi anatulia. Ukiwakataa waliolewa, umewakataa wale ambao kituo kilifunguliwa kwa ajili yao.

Anayevunja sharti aambiwe kwa sauti ya chini, pembeni: "Leo hapana, ndugu yangu. Kesho saa tatu karibu." Kosa kubwa liwe na muda maalumu ulioandikwa, na siku ya kurudi akae kwanza na msimamizi kwa dakika chache. Kumfungia mtu mlango moja kwa moja kubakie kwa ajili ya kujeruhi au kutishia maisha, na hata hapo mtafutie huduma nyingine.

Hatua ya 5: Robo saa ya kwanza

Msalimie kwanza. Taja jina lako, usimwulize lake. Mwonyeshe choo kilipo, mpe kinywaji cha moto, mwonyeshe kiti kinachoutazama mlango. Usikae nyuma ya meza. Fomu isitokee kabisa siku ya kwanza.

Mwite kama ungemwita mtu wa umri wake mahali pengine popote: kaka, dada, mama, mzee. Neno "teja" libaki nje, hata likisemwa kwa utani, hata likisemwa na wenyewe. Nimemwona mzee mmoja akigeuka na kuondoka kwa sababu kijana wa mlangoni alimwita "wewe."

Tazama begi. Mgeni hulikumbatia mapajani, kamba imezungushwa mkononi. Usimwambie aliweke chini. Mwonyeshe rafu, mpe kibandiko chenye namba, kingine kama hicho kifungwe kwenye begi lake. Mwanzoni atakataa. Siku atakapoliweka rafuni na kwenda kuoga, andika kwenye daftari la zamu, kwa sababu amewaamini na vitu vyote alivyonavyo duniani.

Tazama pia miguu. Soksi safi na beseni la maji ya uvuguvugu hufungua mazungumzo kuliko swali lolote. Mguu uliokaa kwenye kiatu chenye maji kwa siku kadhaa hubadilika rangi, hufa ganzi, ngozi ikalainika na kuchubuka. Ukiona hivyo, au kidonda chenye usaha, au uvimbe wa moto pale anapojichoma sindano, ni kazi ya muuguzi siku hiyohiyo. Homa ikiongezeka hapo, usisubiri kesho.

Hatua ya 6: Dharura mbili za kuzijua kwa moyo

Ya kwanza ni kuzidiwa na dawa za jamii ya afyuni: heroini, mofini, fentanili, tramadoli. Dawa hizi zikizidi, ubongo husahau kupumua. Utaona mtu haitiki ukimwita wala ukimsugua kwa nguvu mfupa wa kifua, mboni za macho zimekuwa kama kichwa cha pini, pumzi ni za kuhesabu au anakoroma kwa sauti ya maji kooni. Midomo hugeuka buluu. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, fungua mdomo wa chini utazame ndani, na utazame kucha: hugeuka rangi ya majivu. Watu wamekufa huku wenzao wakisema "mwache, amelala, anakoroma."

Piga kelele mwenzako aite gari la wagonjwa. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpe pumzi moja kila sekunde 5. Pumzi ndiyo inayomweka hai. Mpe nalokisoni, ya kupuliza puani au sindano ya msuli wa paja. Ikipita dakika 2 hadi 3 bila kuanza kupumua, mpe ya pili, huku ukiendelea kumpulizia. Ikiwa hapumui kabisa na hana dalili ya uhai, bonyeza kifua: mara 30, pumzi 2, rudia. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, ili asipaliwe na matapishi.

Kisha kaa naye. Nalokisoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90, na dawa aliyotumia inaweza kudumu kuliko hapo, kwa hiyo anaweza kuzama tena. Anaweza kuamka na arosto kali na hasira, akitaka kutoka akatumie tena. Mweleze polepole kilichotokea. Usimlaumu. Kama hukujua ametumia nini, mpe tu: nalokisoni haimdhuru asiyetumia afyuni. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hii ifike mikononi mwa yeyote anayeweza kushuhudia mtu akizidiwa, yaani marafiki, familia na wahudumu kama sisi. Sanduku lenu likae ukutani, mahali pamoja, bila kufuli.

Ya pili ni pombe, na hii huua kwa njia ambayo wengi hawaitarajii: mtu hufa akiacha. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukikatiwa ghafla huanza kutetemeka ndani ya saa chache. Degedege linaweza kuja kati ya saa 6 na 48. Siku ya 2 hadi ya 4 anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani, kupandwa na joto na mapigo kwenda mbio, na hiyo ni dharura ya hospitali. Kwa hiyo usimwambie mnywaji wa kila siku "acha leo." Asubuhi akija anatetemeka na kutoka jasho, mpeleke kwa daktari. Vidonge vya kutuliza vya jamii ya diazepamu ni hivyohivyo, hupunguzwa kidogokidogo chini ya daktari.

Arosto ya heroini hutesa kwa siku kati ya 4 na 10, lakini kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida haiui. Hatari huja baadaye. Aliyetoka gerezani, hospitalini au kwenye nyumba ya kuacha dawa mwili wake umeshasahau kipimo cha zamani, na akirudia kipimo kilekile, kinamwua. Wiki 2 za kwanza baada ya kutoka ndizo mbaya zaidi. Mkijua mtu anatoka lini, mmoja wenu awe getini.

Hatua ya 7: Mazungumzo

Mtu mwenye uraibu anabeba nia mbili kwa pamoja, kuacha na kuendelea. Ukimhubiria upande wa kuacha, atautetea upande wa pili, na atayaamini maneno yake mwenyewe kuliko yako. Mwanasaikolojia William Miller alieleza mwaka 1983 namna nyingine ya kuongea, aliyoikuza baadaye na Stephen Rollnick: uliza, sikiliza, rudisha ulichosikia, mwache ataje mwenyewe sababu zake.

Kwa vitendo huwa hivi. Anasema, "Sitaki kuacha, lakini mwanangu hanipokei simu." Kishawishi ni kusema "Unaona sasa madawa yanavyokuharibia?" Meza hilo. Sema, "Simu ya mwanao inakuuma." Kisha nyamaza. Kimya hicho ni kigumu kukivumilia, na mara nyingi ndipo neno lake muhimu linapotoka. Mwisho uliza jambo dogo la wiki hii tu. Anaweza kusema atapunguza, atatumia akiwa na mwenzake badala ya kujifungia peke yake, au atapima damu. Yote hayo ni hatua. Akiteleza, arudi bila aibu. Sentensi yetu ni "Nimefurahi umerudi," na hatuongezi neno.

Hatua ya 8: Rufaa ni kwenda naye

Karatasi yenye anwani mfukoni mwa mtu asiye na makazi hulowa, hupotea, au humkumbusha mlinzi aliyewahi kumfukuza getini. Mpigie simu muuguzi unayemjua kwa jina, panga saa, kisha mwende wote. Kaeni kwenye benchi pamoja. Akiitwa, mwulize kama anataka uingie au ubaki nje. Mkirudi, mwulize alichoelewa, maana chumbani mle watu huitikia "ndiyo" kwa kila kitu.

Fahamu unampeleka kupata nini. Kwa uraibu wa heroini, methadoni na buprenofini ni tiba zenye ushahidi imara, na tangu mwaka 2005 zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Atasikia watu wakisema ni kubadilisha dawa kwa dawa. Mweleze kwamba dozi moja ya methadoni kwa siku huondoa arosto, humwezesha kulala, kula na kufanya kazi, na hupunguza hatari ya kufa akiendelea nayo. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi ni kupima kifua kikuu. Aliyewahi kuchangia sindano apime VVU na homa ya ini. Homa ya ini aina ya C siku hizi hupona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, na wengi mtaani hawajaambiwa.

Hatua ya 9: Makazi yasingoje aache

Mpango wa zamani ulisema acha kwanza, utapewa chumba. Mwaka 1992, jijini New York, Sam Tsemberis alianza kinyume: chumba kwanza, bila sharti la kuacha wala la matibabu, kisha huduma zimfuate humo. Wengi waliopewa vyumba walibaki humo. Ufini iliifanya njia hiyo kuwa sera ya taifa kuanzia 2008, na idadi ya wasio na makazi ikashuka. Ni rahisi kuona kwa nini. Kuhifadhi vidonge, kuoga kabla ya kazi, kulala bila kuogopa, yote hayo yanataka mlango wenye ufunguo.

Kituo kidogo hakijengi nyumba. Lakini kinaweza kuwa anwani ya kupokelea barua. Kinaweza kumfuatilia mtu cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, kwani bila hivyo hapangi, haajiriwi, na kwingine hatibiwi. Weka nakala kwenye kabati lenye kufuli, kwa ruhusa yake. Zungumza na wenye nyumba, na ukimpeleka mtu kwenye chumba, umtembelee kila wiki miezi mitatu ya kwanza. Upweke wa chumba kipya umewarudisha wengi mtaani.

Hatua ya 10: Siri, na nyinyi wenyewe

Andika kidogo. Jina analolitaka mwenyewe linatosha. Mweleze mapema pale siri inapoishia: mtoto akiwa hatarini, au maisha ya mtu yakiwa hatarini. Polisi wakija kuuliza habari za mtu, ajibu msimamizi peke yake, kwa jinsi wakili alivyowaelekeza. Wafadhili watataka idadi ya walioacha. Wapeni pia idadi ya waliorudi mara ya pili, waliofikishwa kliniki, waliopata vitambulisho, maana hiyo ndiyo kazi mnayoifanya kila siku.

Kila zamu ikiisha, kaeni dakika 15: nini kilitokea, nani kimemgusa, nani aangaliwe kesho. Na mtu wenu akifa, kwa sababu watakufa, waambieni wengine ana kwa ana kabla hawajasikia mtaani. Andikeni jina lake ukutani, mruhusu watu wakae kimya au walie. Mhudumu aliyempulizia pumzi asipangiwe zamu ya kesho yake, wala asiachwe peke yake jioni hiyo.

Kisha fungeni siku. Gonga choo, fungua, tazama ndani. Hesabu nalokisoni, weka mpya badala ya iliyotumika. Pitia rafu ya mabegi na uandike yaliyobaki. Soma majina ya waliozoea kuja na ambao leo hawakuonekana, umpe mtu wa asubuhi kazi ya kwenda kuwatafuta wanakolala. Zima taa, na uhakikishe karatasi ya saa za kesho bado imebandikwa mlangoni.